X ya sasa si Twitter tuliyoizoea: kikundi cha walimu kiitumieje ipasavyo?

KalamuYaElgon (Mbale)

Wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa wanaoujua mtandao wa X kwa undani. Akaunti ni ya kikundi cha walimu wa Kiswahili wa eneo la Mbale, mashariki mwa Uganda, ilifunguliwa enzi za Twitter. Tangu mtandao ubadilishwe sura, mambo manne yanatukwamisha.

Kwanza, ukurasa wa mwanzo umejaa machapisho ya watu tusiowafuata, na mengine ni ya juzi. Taarifa za Wizara ya Elimu na Michezo, UNEB (baraza la mitihani) na NCDC (kituo cha mitaala) zinatufikia wakati zimeshazungushwa WhatsApp siku mbili. Pili, tukiweka linki ya fomu ya semina, wanaoiona ni wachache mno, lakini tukiandika maneno matupu watu wanachangia. Tatu, kutafuta chapisho la mwaka juzi kumekuwa kazi ya kutafuta sindano kwenye nyasi. Nne, bando linaisha upesi.

Halafu tuko watatu, nenosiri moja, na simu yenye laini iliyofungulia akaunti iko kwa mwenzetu mmoja. Fedha za kulipia tiki ya buluu hatuna. Tuanzie wapi?

---

FundiWaWandegeya

Mwalimu, anza na la kwanza, maana likikaa sawa mengine yanapungua uzito.

Tangu Januari 2023 ukurasa wa mwanzo una vichupo viwili. "For you" hupangwa na mtambo, yaani programu inayowachagulia machapisho, "Following" huleta mnaowafuata. Wahandisi wa kampuni walieleza Machi 2023 kwamba kila unapofungua "For you" mtambo huokota machapisho kama 1,500, wastani wa nusu yakitoka kwa unaowafuata na nusu kwa usiowafuata, ndipo huyapanga kwa kubashiri utakachokigusa. Saa ya kuchapishwa si kigezo kikuu hapo. Ndiyo maana tangazo la UNEB la asubuhi linaweza kukaa chini ya mzaha wa juzi. Kwa taarifa zenye tarehe ya mwisho, "For you" msiitegemee kabisa.

"Following" ni afadhali. Kama kwenye simu yenu kichupo hicho kina chaguo la mpangilio, chagueni "Recent", kwa sababu kikibaki kwenye "Popular" mtambo unaendelea kupanga na huko pia.

Lakini dawa yenyewe ni orodha, yaani "Lists". Watu wengi walikuwa nazo enzi za Twitter wakazisahau, na ndizo zilizobaki na utaratibu wa zamani: kilichoandikwa sasa hivi kinakaa juu. Kwenye simu, gusa picha ya wasifu, ingia "Lists", kisha kitufe cha kuongeza kilicho chini kulia. Jina lisizidi herufi 25 na lisianze na tarakimu, maana litakataliwa. Andika "Walimu 2025", usiandike "2025 Walimu". Washa "Private" kabla ya kuhifadhi. Orodha ikiwa wazi, kila unayemweka anapata taarifa kwamba kawekwa. Ikiwa ya faragha hajui mtu. Baada ya hapo ongeza akaunti. Si lazima uwe unaifuata akaunti ndipo uiweke kwenye orodha, na hapo ndipo utamu ulipo: unaweza kusoma gazeti au ofisi ya wilaya bila kuifuata.

Ukimaliza, rudi kwenye ukurasa wa "Lists" na ubonyeze alama ya pini kando ya orodha. Zinabandikwa hadi 5, na kila moja inageuka kichupo juu ya ukurasa wa mwanzo. Kwa walimu ningetengeneza tatu tu. Ya ofisi: wizara, UNEB, NCDC, halmashauri. Ya Kiswahili: vyama, wahariri, idhaa, vyuo vya Uganda, Kenya na Tanzania. Ya Mbale: redio na waandishi wa mashariki. Kikomo cha kampuni ni akaunti 5,000 kwa orodha, lakini orodha ya ofisi ikizidi akaunti 30 inaanza kuwa soko, na tangazo linapotea tena mlemle.

Tahadhari moja kubwa kwenye orodha ya ofisi. Tiki ya buluu haithibitishi tena kwamba akaunti ni ya mwenyewe. Za zamani za bure ziliondolewa Aprili 2023, na sasa mtu huilipia. Ya kijivu ndiyo ya serikali, ya dhahabu ni ya mashirika. Msimu wa matokeo ya UNEB akaunti bandia zenye nembo huchipuka. Ingia tovuti ya taasisi yenyewe, bonyeza alama ya X iliyopo pale, na akaunti itakayofunguka ndiyo uiweke kwenye orodha. Kuitafuta kwa jina ndani ya X ni kujitakia matatizo.

---

Mtafiti_Arua

Naingia kwenye kutafuta, hilo la tatu.

Kisanduku cha kutafuta kinaelewa amri, na zinafanya kazi hata kwenye programu ya simu, usidhani ni za kompyuta tu. Andika hivi, ukiweka jina la akaunti yenu bila alama ya @:

from:jinalaakaunti semina since:2023-02-01 until:2023-06-01

Itatoka kila mliyoandika yenye neno semina kuanzia Februari mosi hadi Mei 31. Tarehe ya "until" yenyewe haihesabiwi, kwa hiyo ukitaka Mei 31 iwemo lazima uandike Juni mosi. Mpangilio ni mwaka, mwezi, siku, na hakuna nafasi baada ya nukta mbili. Ukiacha nafasi, amri inageuka neno la kawaida na matokeo yanakuja ya ovyo. Kosa hili moja ndilo linalowafanya wengi waseme kutafuta hakufanyi kazi.

Kosa la pili ni saa. Siku za X kwenye utafutaji zinakatwa kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Chapisho la saa saba usiku wa kuamkia tarehe 10 hapa Uganda linahesabiwa tarehe 9. Kama hulioni, rudisha "since" nyuma siku moja.

La tatu: matokeo yanafunguka kwenye "Top", ambako mtambo unachagua. Sogea "Latest".

Amri nyingine zenye faida kwa mwalimu. Alama za kunukuu hushika maneno yakiwa pamoja, "mtaala mpya". Neno OR kwa herufi kubwa huleta hiki au kile. Ukiandika kwa herufi ndogo linachukuliwa kama neno tu. Kistari mbele ya neno hulitoa. filter:images huleta yenye picha, filter:links yenye linki, -filter:replies huondoa majibu. min_faves:20 huleta yaliyopendwa mara 20 na zaidi, inasaidia sana kwenye mjadala mrefu. Mfano, ukitaka kuona watu walisema nini Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022:

Kiswahili Uganda since:2022-07-04 until:2022-07-20 min_faves:20 -filter:replies

Ipo pia amri ya lugha, lang:. Kwa Kiingereza ni nzuri, kwa Kiswahili msiiamini, kwa sababu mtambo unabashiri lugha ya kila chapisho na kwetu unakosea mara nyingi, hasa machapisho mafupi na yaliyochanganywa na Luganda au Kiingereza. Njia ya kienyeji inashinda: ongeza neno ambalo haliwezi kuwa la lugha nyingine. Andika hivi: silabasi (kwamba OR lakini OR wanafunzi). Hapo Kiingereza kinajichuja chenyewe.

Asiyependa kukariri amri afungue x.com/search-advanced kwenye kivinjari akiwa ameingia akaunti. Ni fomu ya kujaza, inakuandikia amri zilezile.

Kwa machapisho yenu wenyewe kuna njia ya uhakika zaidi. "Settings and privacy", "Your account", kisha "Download an archive of your data". Wanataka nenosiri na msimbo, halafu mnasubiri. Huchukua siku nzima au zaidi. Faili ni ya zip, pakueni kwenye Wi-Fi ya shule maana picha zote zimo. Ndani kuna ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari bila intaneti, mnatafuta humo bila kula hata MB moja. Fanyeni hivyo kila mwisho wa muhula.

---

Sauti_ya_Jinja

Kuhusu linki. Mwalimu hajakosea alichokiona. Novemba 2024 mwenye mtandao, Elon Musk, alisema waziwazi kwamba mtu aandike maelezo kwenye chapisho kuu na linki aiweke kwenye jibu. Mtandao unataka msomaji abaki ndani.

Ukitaka kuelewa kinachosukuma chapisho, angalia msimbo wa mtambo wao, walioutoa hadharani Machi 31, 2023. Kulikuwa na jedwali la uzito la mwanzoni mwa Aprili mwaka huo: kupendwa 0.5, kusambazwa 1, kujibiwa 13.5, na jibu ambalo mwenye chapisho naye amelishughulikia 75. Upande wa hasara, msomaji akionyesha kwamba hataki kuona ni −74, akiripoti ni −369. Namba hizo huzidishwa kwa uwezekano wa msomaji huyo kufanya jambo hilo, kwa hiyo si alama za kujumlisha kama mtihani. Na mtambo umebadilishwa tangu hapo, msizichukue kama amri ya leo. Ila mwelekeo wake unaeleza mnachokiona: maneno yenu matupu yanajibiwa, tangazo lenye linki halijibiwi.

Basi tangazo liandikwe kama mwanzo wa mazungumzo. Hivi:

"Semina ya kufundisha ngeli kwa vitu vya sokoni. Mbale, Jumamosi, saa tatu asubuhi, bila ada. Walimu wa S1 na S2 mnakaribishwa. Mwalimu, ngeli ipi inawasumbua zaidi wanafunzi wako? Fomu ya kujiandikisha iko kwenye jibu la kwanza."

Haijafika herufi 280, kikomo cha asiyelipa. Kiswahili kinameza herufi haraka kwa sababu ya vitenzi vyetu virefu, hivyo kata salamu na "tunapenda kuwatangazia kwamba". Linki yoyote inahesabiwa herufi 23 hata iwe ndefu kama reli, kwa hiyo hakuna haja ya kuifupisha. Linki iliyofupishwa watu huiogopa, na wana haki. Emoji ni herufi mbili kila moja.

Baada ya kuposti, mmoja wenu akae na simu saa moja hivi akijibu kila mwalimu kwa swali lingine. Msiposti mkaenda kulala. Jibu la "asante" halimfanyi mtu arudi, "darasani kwako mnaanza na A-WA au KI-VI?" linamrudisha.

Alama reli (#) ziwe moja au mbili. Mfano mzuri wa Uganda ni maonyesho ya mashimo ya barabara za Kampala, Aprili 2023, yaliyoanzishwa na Jimmy Spire Ssentongo. Alama reli moja, #KampalaPotholeExhibition, na kila mtu analeta picha ya shimo la barabara yake. Yeyote mwenye simu aliweza kushiriki kwa dakika moja, na picha yenyewe ilikuwa ushahidi. Rais Museveni aliagiza itolewe shilingi bilioni 6 za kukarabati barabara za jiji. Ninyi chagueni kitu kidogo cha namna hiyo. Siku ya Kiswahili Duniani ni Julai 7. Kuanzia Julai mosi ombeni kila mwalimu apige picha ya bango la Kiswahili lililoandikwa vibaya mtaani kwake na aandike namna sahihi ya maneno hayo. Linahitaji picha na sentensi moja tu, na kila mtaa una bango kama hilo. Picha ya bango la duka ikatwe, jina na namba ya simu ya mwenye duka visionekane.

---

Mhariri_wa_Kololo

Natofautiana kidogo na ndugu wa Jinja kuhusu linki kwenye jibu. Kwa habari na makala, sawa. Kwa fomu yenye siku ya mwisho, hapana.

Mtu akilisambaza chapisho lenu, linalosafiri ni chapisho kuu peke yake. Jibu lenye linki linabaki nyumbani, na likishapata majibu 15 ya walimu wengine mtambo unayapanga upya, la kwenu laweza kushuka chini. Mwalimu wa Soroti anayeliona kupitia kwa rafiki yake hataipata fomu. Heri waone 200 na 40 wajaze kuliko waone 2,000 wajaze 10. Namba hizo ni za mfano tu, msije mkazinukuu.

Fanyeni yote mawili kwa siku tofauti. Siku ya kwanza chapisho la mazungumzo bila linki. Siku ya pili lisambazeni lenyewe kwa kulinukuu, linki ikiwa ndani ya nukuu. Kisha bandikeni hilo la pili juu ya wasifu kwa nukta tatu na "Pin to your profile", na linki hiyohiyo iwekwe kwenye sehemu ya tovuti ya wasifu. Fomu ikifungwa, bandueni siku hiyohiyo; tangazo lililokufa juu ya wasifu linawafanya watu wadhani kikundi kimekufa.

Tena, mabango. Karibu kila kikundi hapa nchini hutengeneza bango zuri, kisha hulipitisha WhatsApp kabla ya kuliweka X. WhatsApp inalibana, X inalibana tena, na maandishi madogo yanakuwa ukungu. Mtengenezaji alitume kama "Document" badala ya picha, na kama lina maandishi mengi liwe PNG chini ya MB 5. Vipimo vya pikseli 1200 kwa 675 havikatwi kwenye simu nyingi. Tarehe, mahali na ada lazima viandikwe pia kwenye maneno ya chapisho, kwa sababu amri za ndugu wa Arua zinasoma maneno, hazisomi herufi zilizochorwa ndani ya picha. Kabla ya kuposti, gusa "ALT" kwenye picha na ueleze yaliyomo. Nafasi ni herufi 1,000. Walimu wasioona wapo, na simu zao huwasomea maelezo hayo.

Picha za wanafunzi: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Piga picha ya ubao, mikono, daftari, migongo. Sare na nembo ya shule vinamtambulisha mtoto hata kama uso umefichwa.

---

LainiMbili_Masaka

Bando na usalama, kwa ufupi.

"Settings and privacy", kisha "Accessibility, display, and languages", kisha "Data usage". Washa "Data saver". Hapohapo "Video autoplay" iwe "Never". Video zinazojicheza zenyewe ndizo zinazokula, machapisho ya maneno hayali kitu. Picha zitaonekana hafifu kidogo, ukitaka moja kwa ubora wake unaigusa.

VPN, ile programu inayoficha nchi uliyopo. Tangu Facebook ifungwe hapa Januari 2021 watu wengi huiwasha kwa ajili yake na kuiacha ikiwaka kutwa. Inaongeza mzigo kwenye kila unachofungua, na serikali ilishaweka ushuru wa asilimia 12 juu ya bando tangu Julai 2021, kwa hiyo kila MB unayoipoteza bure imelipiwa. Kama X inafunguka bila VPN, izime. Kuna hasara mbili nyingine: mada zinazovuma utaletewa za nchi ambayo VPN imekupeleka, na X ikiona akaunti moja iko Mbale na Amsterdam ndani ya dakika kumi inaweza kuwafungia hadi mthibitishe. Ninyi mko watatu kwenye akaunti moja, hilo litawapata ninyi kabla ya wengine.

Sasa nenosiri la watu watatu. Acheni leo. Kuna "Delegate" chini ya "Security and account access". Wenzako wawili, kila mmoja kwenye akaunti yake binafsi, waruhusu kwanza kualikwa. Halafu akaunti ya kikundi iwaalike kama "Contributor". Wataposti kwa jina la kikundi bila kulijua nenosiri. Cheo cha "Admin" kinaweza kualika na wengine, mpeni mmoja tu.

Uthibitisho wa hatua mbili kwa SMS uliachiwa wanaolipa tu tangu Machi 20, 2023. Wasiolipa watumie programu ya misimbo kama Google Authenticator. "Security", "Two-factor authentication", "Authentication app". Inatokea picha ya msimbo wa mraba. Ikaguliwe kwa kamera za simu mbili kwa wakati mmoja, ya mwenyekiti na ya katibu, zote zitatoa tarakimu 6 zilezile zinazobadilika kila sekunde 30. Kisha mtapewa msimbo wa akiba. Uandikwe kwenye karatasi, ukae kwenye faili la kikundi. Msiuweke WhatsApp.

Msimbo ukikataliwa ilhali umeandikwa sawa, tatizo karibu kila mara ni saa ya simu. Weka saa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, jaribu tena.

---

Sauti_ya_Jinja

Namuunga mkono mhariri kuhusu kusambaza. Sikulifikiria la jibu kubaki nyumbani; utaratibu wake wa siku mbili ni bora kuliko wangu.

---

KalamuYaElgon (Mbale)

Nawashukuru sana. Orodha ya ofisi imebandikwa na inakwenda kwa saa, sawasawa kama mlivyosema. Utafutaji nao umefanya kazi baada ya kuondoa nafasi kwenye nukta mbili.

Yamebaki matatu. Kupanga chapisho litoke lenyewe asubuhi kunawezekana bila kulipa? Pili, kuna watu wawili wanatukana kwenye kila chapisho, tukiwazuia watatoka? Na tatu, mwenzetu mwenye laini iliyofungulia akaunti anahamia Moroto mwezi ujao. Tufanyeje kabla hajaondoka?

---

FundiWaWandegeya

Kupanga kunawezekana kwenye kivinjari cha kompyuta. Ukiwa umeandika chapisho, kuna alama ndogo ya kalenda yenye saa chini ya kisanduku. Programu ya TweetDeck, ile ya kusimamia akaunti, ndiyo iliyowekwa ya kulipia tangu Agosti 2023, kalenda hii ni kitu kingine. Angalia saa kwa makini: saa moja asubuhi yetu ni 7:00 AM. Mtu akiandika 1:00 AM akidhani ni saa moja, tangazo linatoka saa saba usiku na hakuna anayeliona. Na saa ya kompyuta iwe ya Afrika Mashariki. Kompyuta nyingi za shule ziko kwenye saa ya nchi nyingine.

---

Mhariri_wa_Kololo

Kuzuia hakuwaondoi kama zamani. Tangu Novemba 2024 uliyemzuia bado anaweza kusoma machapisho yako yaliyo wazi. Anachonyimwa ni kujibu, kupenda na kukufuata. Kwa kazi yenu inatosha, kwani shida ni matusi kuonekana chini ya tangazo. Wazuieni, na jibu la tusi lililokwishaandikwa lifichwe kwa nukta tatu na "Hide reply". Fahamuni tu kwamba kufichwa si kufutwa: mtu akigusa alama ya majibu yaliyofichwa analiona.

Kwa mada inayochoma, kwa mfano mishahara ya walimu wa sanaa na wa sayansi, wekeni kabla ya kuposti kwamba wanaoweza kujibu ni akaunti mnazozifuata tu. Chaguo liko chini ya kisanduku cha kuandikia. Msilifanye kwa machapisho ya kawaida, maana mtawafungia nje walimu wapya ambao ndio mnaowatafuta.

---

LainiMbili_Masaka

La mwenzenu wa Moroto lifanyike akiwa bado Mbale, mkiwa mmekaa pamoja, kwa mpangilio huu. Ukigeuza mpangilio mnaweza kujifungia nje.

Fungueni kwanza barua pepe ya kikundi, yenye hatua zake mbili za uthibitisho. Kisha ndani ya X, "Your account", "Account information", badilisheni barua pepe iwe hiyo mpya na mhakikishe msimbo wa uthibitisho umefika na umekubaliwa. Usiguse namba ya simu kabla ya hapo. Barua pepe ikishakubalika ndipo muiondoe namba yake, muweke ya laini iliyosajiliwa kwa mtu atakayebaki, au msiweke kabisa.

Halafu badilisheni nenosiri. Ingieni "Security and account access", "Apps and sessions", "Sessions", na mzifunge zote isipokuwa mnayoitumia. Kando yake kuna "Connected apps": programu za zamani mlizoziruhusu enzi za Twitter bado zinaweza kuposti kwa jina lenu, hata nenosiri likibadilika. Ondoeni kila msiyoitambua.

Mwisho, zimeni uthibitisho wa hatua mbili na muuwashe upya kwa simu za wanaobaki, maana simu yake kama iliukagua msimbo wa mraba itaendelea kutoa tarakimu sahihi huko Moroto. Msimbo wa akiba wa zamani mchane, mwandike mpya. Yeye mwenyewe akitaka kuendelea kuposti, mwalikeni kama "Contributor" kutoka akaunti yake.